Abdow Aliyelifunga Gari Kama Ngamia

Msinidanganye kwamba mnajua kutoa tairi. Nimewaona, nyinyi vijana wa siku hizi. Jeki inapanda, mmoja anaongea na simu, mwingine amejilaza chini ya gari kama aliyetandikiwa godoro, na wa tatu amekaa ndani anasikiliza redio. Gari likianguka mnasema ni kudra. Kudra ipo, sikatai, lakini haikukutuma uache kuweka jiwe.

Mimi Shurie niliendesha Landirova ya Guleid, yule mwenye duka la nafaka pale Garissa, tangu mwaka tisini na mbili hadi tisini na tisa. Kati ya mto Tana na Mandera hakukuwa na dereva wa kunishinda. Waulizeni wenzangu. Wakikataa, ni wivu. Nilipita kwenye mchanga ambao ngamia waliukwepa, na kuna lagha moja, mto wa msimu, niliivuka maji yakiwa mlangoni huku nikitafuna mirungi na kuimba. Shuleni niliishia darasa la sita, lakini usukani haukuniuliza cheti.

Basi yatosha. Leo nataka kuwasimulia habari za Abdow.

Abdow alikuwa tanboi wangu. Mnajua kazi ya tanboi: kupanda juu ya mzigo, kufunga kamba, kuruka chini gari likikwama, kuchimba, kusukuma, kubeba tairi. Ni kazi ya damu changa. Abdow alikuwa amepita hamsini, ndevu zake amezipaka hina, anatembea wima kama mtu anayeitwa kutoa ushahidi barazani. Abiria wageni walimsalimia yeye kwanza kwa mikono miwili wakidhani ndiye mwenye gari. Mimi nilikuwa nawaacha wamalize, halafu napiga kelele, "Tanboi! Panda juu!" Nilikuwa na adabu kidogo sana enzi hizo. Yeye alipanda.

Zamani alikuwa mfugaji upande wa Wajir. Ukame wa themanini na nne uliwamaliza ngamia wake mmoja baada ya mwingine, mpaka akaja Garissa kwa miguu, yeye na mkewe na mkeka. Akaingia kwenye malori. Walijaribu kumfundisha kuendesha, akakataa. Siku moja nilimuuliza sababu.

"Ngamia nilimwongoza nikiwa mbele yake, kwa kamba," alisema. "Nyinyi mnaingia ndani ya tumbo la mnyama, mnakaa, halafu mnasema mnamwongoza."

Na kitu kingine. Sisi sote tuliongea Kisomali garini, lakini Abdow akizungumza na gari lenyewe alitumia Kiswahili, kwa sababu gari, alisema, si Msomali, limeletwa na watu wa Nairobi. Utamsikia ameweka kiganja kwenye bodi: "Simama bole bole, mama. Hakuna haraka. Nakutoa miiba tu." Ile p yake haikuwahi kutoka sawasawa mpaka anakufa. Tulimcheka sana.

Lakini kwenye kutoa gurudumu hatukumcheka. Tulichoka tu kumsubiri.

Kwanza alizunguka gari lote, na macho yake hayakuwa kwenye gari, yalikuwa kwenye ardhi. Kama pana mteremko au mchanga mwepesi, atakuambia usogeze mbele hata kama tairi limekwisha, kwa sababu tairi hununuliwa. Kisha aliteremsha watu wote na mzigo wote. Kisha mawe. Huyu mtu alitembea na mawe manne yake mwenyewe nyuma ya gari, meusi, ameyachagua yeye, kama mke anavyochagua mafiga. Aliyabana mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini, akayagongea kwa kisigino. Hilo aliliita dabar, yaani ile kamba tunayomfunga nayo ngamia miguu ya mbele asitangetange.

"Hujamfunga, unamkamua?" alikuwa akisema. "Atakupiga teke, na kosa litakuwa lako."

Na kwa Landirova zile za zamani hakuwa akipiga porojo. Breki yao ya mkono haikamati magurudumu. Inakamata ile shafti ya katikati inayoizungusha ekseli ya nyuma. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, lililo hewani linazunguka huku, lililo chini linazunguka kule, na gari linaondoka zake ilhali breki umeivuta hadi mwisho. Madereva wengi hawakulijua hilo. Mimi nililijua. Nililijua, na mtaona ujuzi wangu ulinifikisha wapi.

Baada ya mawe alilegeza nati kidogo gurudumu likiwa bado chini. Ubao mnene chini ya jeki, jeki chini ya ekseli. Likianza kuinuka tu, anasukuma tairi la spea, limelala ubavu, chini ya chesi, ule uti wa mgongo wa gari, ili gari likianguka liangukie tairi na si mtu. Mkono wake haukuingia chini ya gari kabla ya tairi hilo. Na hapo alikuwa na sababu ambayo hakuisema kwa kila mtu. Mwaka themanini na saba, kwenye lori, ni yeye aliyekuwa akipandisha jeki siku ilipoteleza ikamshukia rafiki yake Yarow mguuni. Yarow yuko mpaka leo kule Modogashe, anauza chai, anatembelea gongo. Kila tulipopita, Abdow alimnunulia sukari, na hawakuwa na maneno mengi.

Sasa nije kwangu. Mwezi wa pili mwaka tisini na sita, kiangazi kimepamba moto, nilikuwa naoa.

Msichana alikuwa Deka binti Bare, wa mtaa wa Waberi, Garissa. Sitamsifu, yupo jikoni ananisikia. Baba yake, Mzee Bare, alikuwa mtu wa maneno machache na macho mengi, na hakunipenda. Alisema madereva wana mke kila penye kisima. Mimi niliyekuwa nimejiheshimu kama shehe! Ilichukua mwaka mzima na wazee wangu kukaa vikao vitatu mpaka akakubali. Kisha, siku mbili kabla ya nikahi, habari zikaja kutoka Mandera kwamba kaka yake ni mgonjwa sana. Wakati ule malori ya kwenda juu yalisafiri kwa msafara, polisi mbele na polisi nyuma, kwa sababu ya majambazi. Ukikosa msafara wa leo unangoja siku nyingine nyingi. Mzee Bare akatuma neno kwangu Modogashe, nilikoenda kuchukua mbuzi wa sherehe kwa wajomba zangu.

Neno lilikuwa hili: "Msafara unatoka kesho baada ya sala ya adhuhuri. Ukifika kabla, nakuoza. Usipofika, naondoka, na tutaongea mvua zikinyesha."

Mvua! Nilijua maana yake. Palikuwa na karani mmoja wa ofisi, mwenye shati jeupe na kalamu tatu mfukoni, aliyekuwa amekwisha kutuma watu kumposa mara mbili. Mpaka mvua zinyeshe, Deka angekuwa anampigia pasi mashati.

Tukaondoka Modogashe mara tu baada ya sala ya alfajiri. Sikungoja polisi wala nini. Mbele tulikuwa mimi na Maryan, mama anayeuza maziwa ya ngamia Garissa, na madumu yake ameyafunika gunia bichi. Nyuma Abdow na mbuzi kumi na wanne. Mbuzi hao hawakuwahi kupanda gari maishani mwao. Tuliwapakia kwa saa nzima, mmoja anaingia wawili wanaruka. Msilisahau hilo, ndilo lililoniponza.

Njia nzima nilikimbiza gari. Maryan alishika dari kwa mikono miwili.

"Warya Shurie! Maziwa yangu yatafika yakiwa siagi!"

"Utanishukuru, eddo, shangazi yangu. Siagi ina bei."

"Na wewe utafika ukiwa maiti. Maiti haina bei."

Saa nne na nusu, zikiwa zimebaki kama kilomita arobaini, tairi la nyuma la kushoto likapasuka. Bado tulikuwa na nafasi. Kubadilisha tairi kwa mtu mzima ni nusu saa, kwa Abdow saa moja. Tungefika saa saba kasoro, kanzu yangu naivalia garini, mambo yanakwisha. Lakini bwana harusi hana hesabu. Niliona zile kalamu tatu mfukoni, basi.

Nilisimamisha gari pale pale lilipofia, njia ikiwa imeinama kidogo, mchanga umefika kifundoni. Abdow akashuka. Akaanza kuzunguka, macho chini.

"Sogeza mbele," alisema. "Pale kwenye changarawe. Hatua mia."

"Hakuna kusogeza. Leta spana."

"Na mbuzi washuke."

"Mbuzi wakishuka nitawapandisha saa ngapi? Mwaka kesho?"

"Shurie."

"Adeer Abdow, ami yangu, leo mimi ndiye dereva, mimi ndiye bwana harusi, na mimi ndiye mwenye haraka. Wewe lete mawe yako upesi."

Abdow akapanda nyuma kutafuta mawe yake, na mawe, kwa zile mbio zangu, yalikuwa yameviringika mpaka mwisho kabisa, chini ya miguu ya mbuzi kumi na wanne wenye hasira. Akaanza kuwasukuma na kuinama, kuwasukuma na kuinama. Mimi sikumsubiri. Nati nilizilegeza, hilo nilikumbuka. Nikavuta breki ya mkono kwa nguvu zote, kana kwamba nguvu zitaibadilisha tabia yake. Jeki nikaichomeka mchangani bila ubao, nikaanza kupiga mtarimbo. Jeki ikazama nusu, gari likainuka nusu. Nikaongeza. Gurudumu likatoka, nikalirusha kando, nikajiona bingwa.

"Umeona?" nilimwambia Maryan aliyekuwa amekaa kwenye kivuli cha mgunga. "Dakika kumi!"

"Naona," akasema. "Naona jeki imeinama kama mzee anayerukuu."

Abdow aliruka chini na jiwe moja tu mkononi. Aliona gurudumu halipo. Alilitupa jiwe mbele ya tairi la mbele upande wa pili, akalipiga kisigino, akanyakua spea na kuisukuma chini ya chesi kwa mguu. Wakati huo mimi nilikuwa nimepiga magoti. Nati moja ilikuwa imeniponyoka na kuviringika nyuma ya dramu ya breki, naiona inang'aa, nimenyoosha mkono mpaka begani, shavu langu liko kwenye mchanga.

Na hapo ndipo mbuzi wa watu wakatokea. Kundi zima, linatoka kisimani, likiongozwa na msichana mwenye fimbo, wanalia mee mee kwa raha ya kushiba maji. Mbuzi wangu waliokuwa na kiu tangu alfajiri wakasikia wenzao. Wote kumi na wanne wakakimbilia upande mmoja kuchungulia.

"Toa mkono," akasema Abdow.

Hakupaza sauti. Ndiyo maana naikumbuka. Mtu akikupigia kelele unageuka kumtazama, unauliza kuna nini. Abdow alisema kama anavyosema lete chai. Nami, niliyembishia kila neno tangu tusimame, nikautoa mkono. Sijui kwa nini. Niliutoa tu.

Gari likasogea nusu hatua. Jeki ikalala. Chesi ikashuka juu ya spea kwa kishindo kilichorusha mchanga machoni mwangu, na ile dramu ikasimama pale pale ulipokuwa mkono wangu, imebakisha upana wa vidole viwili kugusa ardhi. Jiwe moja la Abdow lililiuma tairi la mbele likakataa kwenda zaidi. Mbuzi nao hawakungoja maelezo. Waliruka wote, mmoja baada ya mwingine, wakaenda kuwaamkia wenzao.

Nilibaki nimekaa mchangani. Nilitazama mkono, nikaukunja, nikaukunjua.

"Nimekosa," nilisema.

Abdow alikuwa amepauka mdomo. Aliketi karibu yangu, akavua kofia, akajifuta uso. "Mguu wa Yarow," alisema, "ulitoa sauti kama kuni kavu." Halafu akainuka. "Haye. Tunaanza upya. Na sasa ni bole bole."

Bole bole! Ilikuwa saa tano na robo. Tazameni hali ilivyokuwa: jeki imelaliwa na ekseli, spea imelaliwa na chesi, na tairi bovu ndilo pekee lililo huru. Maryan alikunja gauni lake akaenda kwa yule msichana kutenganisha mbuzi, na hiyo peke yake ilikuwa kesi nzima, kwa sababu mbuzi wangu walikataa ndoa yangu waziwazi. Nilimsikia akitaja alama za masikio kama karani wa mahakama. Abdow alizunguka gari. Ndiyo, alizunguka tena! Alileta mawe yote manne. Akayabana. Mimi nikachimba kwa sururu chini ya ekseli mpaka ile nati ikaonekana na jeki ikatoka, imekwaruzika lakini nzima. Tukatandika ubao. Akapima ubao kwa mguu, akautoa, akasawazisha mchanga, akaurudisha. Nilitaka kulia. Sawa, nililia kidogo. Ilikuwa vumbi pia.

"Adeer, kivuli kimefika miguuni. Adhuhuri imeingia."

"Basi tuswali."

Tukaswali. Sijawahi kuswali na moyo ulio mbali namna ile. Najua wakati huo huo, Garissa, Mzee Bare naye anatoa salamu kulia na kushoto, anachukua mfuko wake.

Tulipoinuka sikumwomba tena aharakishe. Nilishika mtarimbo wa jeki, nikawa napiga anaposema piga, nasimama anaposema simama. Gari lilipopanda vya kutosha, akavuta spea na mara ile ile akasukuma tairi bovu mahali pake, ili chini ya chesi pasibaki wazi hata kwa pumzi moja. "Simama, mama," alilinong'oneza gari. "Huyu mtoto amebata akili." Tulikuwa tunainua spea kuivisha ndipo Maryan, aliyekuwa amekwisha kurudi na mbuzi kumi na watatu, wa kumi na nne akiwa amehamia kwa wenzake, akaonyesha kidole upande wa Garissa.

Vumbi.

Msafara ule ulikuwa na malori kumi hivi. Polisi wa mbele walisimama kutuuliza kama tumevamiwa. Nikawaambia hapana, tumejivamia wenyewe. Na kwenye lori la tatu, mbele kando ya dereva, amevaa koti juu ya macawis, kikoi chake, na fimbo kati ya magoti, Mzee Bare.

Hakushuka mara moja. Alinitazama kupitia dirishani: mkwe mtarajiwa, mafuta mpaka viwiko, mchanga nusu ya uso, gari halina mguu, mbuzi wamefungwa kwenye mti. Nilitamani dramu ile ingeniangukia kichwani.

"Shurie," alisema. "Nilikungoja mpaka nikaona haya mbele ya watu."

"Nisamehe, adeer. Tairi lilipasuka."

"Saa ngapi?"

Hapo ningeweza kudanganya. Ulimi wangu mnaujua. "Saa nne na nusu," nilisema.

"Na sasa ni saa nane. Tairi moja, saa tatu na nusu?" Akateremka. Akalizunguka gari polepole, akaona jinsi mchanga ulivyochimbwa, akaona alama ya chesi kwenye spea. Mzee yule hakuwa mjinga. Kisha akamgeukia Abdow. Walijuana tangu zamani, tangu Abdow ana ngamia. Na Garissa nzima ilijua kwamba ukitaka uongo usiende kwa Abdow, hana.

"Abdow, nakuuliza mbele ya Mungu. Wewe umekula na mtu huyu miaka minne. Ni mtu wa kumpa binti?"

Malori kumi yamezima injini. Polisi wanatazama saa. Mimi nimeshika nati tano mkononi. Nilimtazama Abdow nikakumbuka kila siku niliyompigia kelele ya "tanboi, panda juu" mbele ya wageni, na nikaona kwamba leo angeweza kunilipa yote kwa neno moja, tena la kweli.

Alichukua muda kama aliochukua kupanga mawe.

"Ana kelele," alisema mwisho. "Anajisifu. Leo nimemwambia sogeza gari, hakusikia. Nimemwambia shusha mbuzi, hakusikia. Kwa haraka ya binti yako ameliangusha gari."

"Basi," akasema Mzee Bare, na akageuza fimbo kurudi kwenye lori.

"Sijamaliza." Abdow hakunyanyua sauti. "Nimemwambia mara ya tatu, toa mkono. Hakuuliza kwa nini. Akautoa. Bare, mimi nimeishi na madereva. Wengi wao husikia neno la kwanza na la pili, madogo madogo, ili wasifiwe. Linapokuja la hatari, kiburi kinawashika. Huyu ni kinyume. Na alipokosa alisema amekosa, kabla sijamwambia."

"Alilia pia," akasema Maryan. "Mimi ni shahidi."

"Ilikuwa vumbi!" nilisema.

Mzee Bare akanitazama tena, na safari hii alitazama mkono. "Unyooshe," alisema. Nikaunyoosha, umejaa grisi. Akauchukua katika mkono wake, hivyo hivyo ulivyo, akaushika kama wanavyoshika watu wanaofunga ndoa.

"Lori lina maalimu," alisema. "Mwiteni. Deka nilikwisha kumuuliza jana, naye amekubali, sijui ameona nini."

Ndivyo nilivyooa, mabwana wakubwa. Maalimu mmoja wa kwenda Wajir alisoma khutba amesimama kando ya gari lililofungwa dabar kwa mawe manne. Shahidi wa kwanza Abdow, wa pili dereva wa lori la tatu. Mahari msahafu na ngamia jike mmoja. Maryan akatoa dumu la maziwa, likapita mkono kwa mkono mpaka kwa polisi, na alipiga vigelegele peke yake kwa niaba ya wanawake wote wa Waberi. Mzee Bare akapanda lori lake. Hakunibusu wala kunikumbatia. Alitoa kichwa dirishani akasema, "Kaza nati zako," na msafara ukaenda.

Tukakaza. Kwanza kwa mkono, gari likiwa juu. Kisha tukalishusha, tukakaza kwa spana, moja na ile inayoielekea, siyo kwa kuzunguka kama mnavyofanya nyinyi. Mbuzi wakapanda tena kwa saa nzima. Nilipofungua mlango wa mbele niliuacha wazi.

"Panda mbele, adeer," nilimwambia Abdow.

"Na nyuma nani atashika mbuzi?"

"Mimi sina tanboi leo. Nina shahidi."

Akanicheka. Akapanda nyuma, kwa mbuzi, kama kawaida, na mimi nikaendesha polepole mpaka nikapitwa na punda.

Tulifika Waberi jua linakaribia kuzama. Wanawake walikuwa wamechoka kungoja, nusu wanasema nimeuawa njiani, nusu wanasema nimekimbia, na wote walikuwa wamekwisha kula. Deka alikuja mlangoni, hina yake mikononi, hajui kama yeye ni mke wa mtu au ni aibu ya mtaa. Nilifungua mdomo nimweleze, kwa madoido yangu yote. Sikuwahi. Alinipita, akaenda moja kwa moja nyuma ya gari alikokuwa Abdow akishusha mbuzi.

"Adeer," alimuuliza, "nimeolewa?"

"Umeolewa," akasema Abdow. "Saa nane. Mumeo yuko kamili, nimemhesabu."